Malalamiko Dhidi ya Vichanga Wanaoniharibia Jina

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu na pole kwa kazi. Mimi ni mwenye nyumba ya kupangisha, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Naandika kwa uchungu, maana jina langu linachafuliwa na watu ambao hata kutambaa hawajaanza.

1. Mpangaji wangu mmoja, dobi, alijifungua salama. Mtoto akaanza kukohoa, na kabla hajajua kucheka akafariki. Chumba kilikuwa na dirisha, lakini nililiziba kwa matofali kwa kuwajali, harufu ya kiwanda isiwasumbue. Shukrani niliyopata ni kilio kilichojaza uwanja mzima.

2. Mke wa kinyozi alikuwa na mimba kubwa. Mimi nilikuwa nimefunga bomba la uani ili lisichakae, basi akawa anapanda kilima na ndoo kichwani. Siku moja aliteleza akaanguka, na mtoto akazaliwa kimya. Mumewe akanijia analia: "Baba, ungetufungulia maji tu." Nikamfariji kwamba mtoto watapata mwingine, ila bomba likifa ni hasara. Akanitazama, akaondoka bila kuaga. Ndiyo adabu hiyo?

3. Kisha akaja mkunga wa zahanati. Akapapasa ukuta, kiganja kikatoka kimelowa. Akatangaza mbele ya wapangaji wote: "Hawa watoto hawana aliyewaroga. Ni hii nyumba." Ndugu Mhariri, ukuta wangu unasingiziwa mauaji! Sasa wapangaji wanadai dirisha, wanadai bomba. Kesho watadai jua.

Kwa hiyo naomba gazeti lako lishinikize itungwe sheria: mwanamke asishike mimba mpaka huyo wa tumboni akubali masharti ya nyumba. Anayeshindwa na unyevu kidogo, kodi ataiweza kweli?

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti na wote wanaonisoma. Hata mkunga msalimie, japo hastahili.

Wako niliyeonewa na wadogo,
Mwenye Nyumba

Nyongeza: Binti yangu ni mjamzito, na mumewe ameachishwa kazi. Jana binti alikuja na mabegi yao, akaniomba, "Baba, tupe chumba kimoja tu kule kwa wapangaji wako." Nilimzuia mlangoni. Msomaji mwenye chumba kikavu, chenye hewa, tafadhali anihurumie. Popote pale, ila si kwangu.