Pistoni Nne Kabatini

Jumanne, 4 Machi

Mgongo unauma, na bado sijafanya chochote. Nimekaa tu barazani juu ya kreti, natazama injini ya jipu la marehemu baba. Iko sakafuni juu ya gunia. Mwezi uliopita ilikunywa maji. Nilitaka kuwaonyesha watu kwamba gari hili linavuka mto. Kuingia liliingia vizuri sana. Kutoka ndiko kulikoleta maneno.

Shemeji, mume wa dada yangu, amekuja na futi. Hakunisalimia mimi, alisalimia bodi. Anataka kulikata jipu, alifanye tela la kubebea matofali. Akapima, akaandika, akanywa chai yangu. Akaniambia shem, usijichoshe, chuma kikishakufa hakina matanga.

Mama amekata shauri: likiwaka kabla ya Jumamosi saa sita mchana, linabaki. Lisipowaka, Shemeji alichukue, na yeye Mama apande maua pale liliposimama. Tela! Gari lililombeba baba miaka ishirini na sita!

Mimi si fundi. Lakini nina kitabu chenye picha. Kurasa za katikati zililiwa na panya.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua. Konrodi moja, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, imepinda kama kiwiko. Tatu nzima. Niliiangalia sana. Nayo ikaniangalia.

Jirani yetu ni fundi mstaafu. Tangu apasuliwe mgongo amemwapia mkewe kwamba hatashika spana tena, iwe yake au ya mtu. Nimemwomba mara tatu. Mara ya tatu alijifanya amesinzia, kikombe kimejaa mkononi. Lakini udhaifu wake naujua: hawezi kuvumilia kazi ikiharibiwa mbele ya macho yake. Mwezi uliopita alitoka kwenye msafara wa mazishi kwenda kumkaripia mtu aliyekuwa akifunga nati za gurudumu ovyo.

Mpango basi: kesho naiburuta injini mpaka kwenye uzio wake, halafu nakosea. Kwa makusudi. Akili ni nywele, na mimi bado sijapata upara.

Alhamisi, 6 Machi

Mita kumi za kuburuta: saa moja na nusu. Nimezeeka njiani.

Nilikosea mambo saba bila kukusudia, ndipo nikafikia lile kosa nililolipanga. Nikaigeuza nyundo, nikaanza kuisukuma pistoni kwa mpini wa mti, kama mwehu. Nikasubiri yowe.

Mzee akaja uzioni. Akasema hapo sawa, ndivyo inavyotakiwa, mti haukwaruzi. Ila hayo mengine yote ni aibu, na hata nyundo yenyewe inaonekana kuniogopa.

Hata hivyo chambo kimeliwa. Alileta kigoda. Kila nilipokosea, kigoda kilisogea. Saa kumi kilikuwa upande wetu wa uzio. Hagusi kitu, anaelekeza kwa bakora, na mara mbili bakora imenielekea mimi. Anasema aliapa kuhusu spana, bakora haikutajwa. Kisha akaenda kwake, akarudi na konrodi nzima ya gari kama letu, na kifuniko chake, kile kinachoifunga upande wa chini. Ilikuwa ikiuzuia mlango wao wa jikoni usijifunge. Sasa mlango unajibamiza, na sauti ya mkewe inauliza nani kachukua.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi nilipanga kila kitu juu ya shuka barazani, konrodi kila moja na kifuniko chake. Mzee alinionya kwamba hivyo vilichongwa pamoja, vimezoeana kama mke na mume; ukiwachanganya, injini inakaza. Nikaenda dukani kununua gasketi. Nikarudi. Shuka iko kwenye kamba, inachuruzika maji. Kumbe ni ya wageni.

Mama ameviosha vyuma vyote kwa maji moto na sabuni, akavikausha, akavipanga kwenye kabati la vyombo. Kwa ukubwa! Pistoni rafu ya juu, karibu na birika. Vifuniko vimepandana kama bakuli. Bolti kwenye kopo la sukari. Akaniambia kwa fahari kwamba sasa hata mgeni akiingia hatuaibiki, na kwamba mtu mwenye adabu angeshukuru. Nimeshukuru.

Tangu saa nne mpaka saa tisa nilijaribu kifuniko hiki kwa konrodi ile. Mzee alitazama tu. Mwishowe akauliza, kwa upole wa kutisha, kama nimesoma namba. Namba gani? Zilizogongwa ubavuni mwa kila kimoja. Moja kwa moja, mbili kwa mbili. Zilikuwa zimefunikwa na masizi. Sabuni ya Mama imezifichua.

Nikamuuliza kwa nini amekaa kimya saa tano nzima. Akasema alidhani nakosea kwa makusudi, kama jana.

Jioni injini ilikuwa imefungwa. Waashi wanne wa nyumba ya pili walituinulia mpaka ndani ya jipu. Mikono siisikii.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne Shemeji kafika na mchomeleaji na mashine ya kukatia. Shati jeupe, limepigwa pasi. Saa tano na nusu nikazungusha ufunguo. Tik. Betri imekufa! Siku nne za mateso, na hakuna aliyeikumbuka betri.

Mpango. Nikamwambia Shemeji kwa unyonge kwamba nimekubali yaishe, basi wasukume tu mpaka getini, mchomeleaji apate nafasi. Alifurahi mpaka akakunja mikono ya shati. Mimi nikashika usukani. Lazima mtu aongoze. Wakasukuma. Nikaingiza gia ya pili, nikaachia klachi.

Likakohoa. Likakohoa tena. Likawaka! Moshi wote mweusi ukamwishia Shemeji kifuani.

Mama akatoka ndani mbiombio, akatupita bila kututazama, akafungua geti, pande zote mbili, akasimama pembeni. Ndivyo alivyokuwa akimfungulia baba. Alisimama hivyo kidogo, komeo mkononi. Kisha akasema gari linabaki, na nilizime, linamtilia moshi kwenye nguo alizoanika.

Mchomeleaji akauliza sasa yeye akate nini.

Mzee amesema sikio la kufa halisikii dawa, lakini nijaribu kusikia: nisifungue kitu tena. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kupumzika. Nimejaribu. Lakini gari lina mlio mdogo, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Giaboksi hiyo. Mzee amesema ni uzee tu, hata yeye hulia akiinuka. Mama kasema niliache.

Nikafungua bolti moja, kuchungulia tu. Bolti moja haionyeshi kitu. Saa nane mchana giaboksi nzima ilikuwa vipande barazani. Mlio nimeupata: spana yangu, chini ya kiti.

Mama amekuja kuniambia kesho nimpeleke kwa dada, kwa gari la marehemu baba, Shemeji alione likiingia kwake. Gauni amekwisha kulipiga pasi. Nimemwambia tunaondoka saa mbili kamili, asichelewe. Giaboksi ni kazi nyepesi. Haina hata pistoni.