Mkono wa Delbert Purvis

Delbert Purvis hakuwa na kipaji, hakuwa na gari, hakuwa na jino la mbele, na aibu hakuzaliwa nayo. Ulimi, hata hivyo, alipewa wa watu wawili.

Siku moja, hapo Los Angeles, alimwona daktari wa meno aitwaye Hartwell akitoa dola elfu nne kununua picha ya panya wa kijani, macho yamemtoka kama mayai, akiendesha gari linalotema moto.

"Mchoraji wake hajakanyaga darasa," daktari alijigamba. "Alikuwa akipaka magari rangi gereji. Hawa wakishasoma wanaharibika."

Delbert alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Lorna Kessel. Hakuna aliyechora macho ya namna hiyo kumshinda Lorna, lakini hakuwa ameuza hata jicho moja. Alikuwa amesoma chuo cha sanaa, na ugonjwa huo hauna dawa.

"Wewe chora, mimi niwe fundi gereji. Tutagawana nusu kwa nusu."

"Gereji gani, na hata baiskeli huna?"

"Fundi gani anapanda baiskeli, dada?"

Lorna akachora, Delbert akatia sahihi yake, na daktari akazinunua picha zote. Kisha yakaja maonyesho ya magari, na huko desturi ni moja: mchoraji wa gereji huitwa mbele achore mistari kwenye boneti, nayo hunadiwa kusaidia watoto wagonjwa. Anayekataa ni mwongo. Delbert alishika brashi kama anayeshika nyoka. Mstari ukaenda kama mlevi anayetafuta kwake. Delbert akaanza kuangalia pa kukimbilia.

Daktari alivua miwani. "Ameudhihaki mstari wenyewe," alinong'ona, akainunua boneti.

Tangu hapo Delbert alijiamini, dhambi ambayo tapeli hasamehewi.

"Lorna, sikuhitaji tena. Mkono wangu una kitu."

"Unacho," Lorna alisema kwa upole. "Chuo changu kingekupokea kesho."

Delbert akajiandikisha chuoni, akampigia daktari simu kumpa habari njema. Daktari alikata simu, akateremsha picha zote ukutani.

Lorna alichanganyia rangi ya kijani juu ya cheti chake cha shahada, kisha akaandika: "Mheshimiwa Daktari, nasikia kuta zako ziko wazi. Mimi ni mjane wa fundi gereji. Shule naijua kwa kuipita tu barabarani."

Delbert akapita, mkoba begani. "Barua hiyo? Lete, nitaitia posta nikienda darasani."

Lorna akalamba bahasha, akaifunga, akampa.