Shahidi wa Harusi ya Rigobert

Alhamisi, 7 Septemba 1961. Jadotville.

Suti imetoka kwa fundi. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Fundi anadai kosa ni la mabega yangu. Nitauweka mkono mfupi mfukoni, kama wakubwa wanavyosimama kwenye picha.

Kesho naenda Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu, kwenye harusi ya Rigobert. Rafiki yangu tangu shule ya mapadri! Tulilala kitanda kimoja, tukaugua surua pamoja. Jumamosi anamwoa Clotilde, na atahitaji shahidi wa kusimama kando yake mbele ya padri. Nani kama si mimi? Hajaniambia. Mambo yaliyo wazi hayasemwi.

Yupo Stanislas pia, najua. Tulisoma naye. Sasa ni muuguzi. Mtu wa Kasai kama Rigobert, yaani mgeni huku kwetu, na sauti nene ya kutetemesha madirisha. Mimi Mubemba, sauti yangu ni nyembamba kidogo. Lakini nimeandaa hotuba ya Kifaransa yenye "par conséquent", yaani "kwa hiyo", kila aya. Stanislas na ajaribu.

Zawadi: beseni kubwa la enameli, maua mekundu ndani. Mgiriki ambaye nauza vitambaa dukani kwake aliniachia kwa bei ndogo kwa sababu limechubuka ukingoni. Nitalikabidhi nikiwa nimeshika pale palipochubuka.

Ijumaa, 8 Septemba. Lubumbashi.

Treni tupu! Benchi zima langu. Watu hawajui kusafiri.

Tulipofika, stesheni ilikuwa imejaa wanaotaka kuondoka. Magodoro, cherehani, bibi vizee wamelala juu ya mafurushi. Karani wa stesheni aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia harusi. Akaitazama suti, akalitazama beseni, akasema polepole, "Basi, baba, Mungu akuchunge." Mtu mwenye adabu.

Nikaenda Katuba, nyumbani kwa Rigobert. Hakuna mlango. Hakuna paa. Nilipiga hodi kwenye fremu, adabu ni adabu. Kwa muda nilidhani wanatengeneza nyumba kwa ajili ya wageni. Kisha nikaona kitanda cha chuma kimepinda ndani ya majivu.

Jirani, Mama Chileshe, mshonaji, alinivuta koti akaniingiza kwake. Alinong'ona. "Bale bavijana balikuya na petroli. Bantu ba Kasai bote balikimbia ku kambi ya ONU. Rigobert naye, na Clotilde, na mama yake."

Nikamwuliza kuhusu ukumbi. Na wapiga gitaa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Kisha akafunua gunia la unga wa muhogo. Chini yake, gauni la Clotilde. Jeupe, limekwisha kushonwa, lina shanga shingoni. Akaniomba nimpelekee. Nilifikiri haraka. Shahidi wa ndoa aingie mbele ya watu amebeba nguo ya mwanamke? Nikasema mikono yangu imejaa beseni.

"Tia mu beseni," alisema.

Nikasema lina vumbi. Alilirudisha gauni chini ya unga.

Kambi ya ONU, ya Umoja wa Mataifa. Viatu vyangu! Watu wengi kuliko macho yangu yanavyoweza kushika, na kila mmoja anakohoa. Vibanda vya matawi, vya maboksi, vya milango ya motokari. Moshi. Harufu ambayo sitaiandika. Rigobert amekonda. Alinikumbatia akalia, akailowesha kola ya koti langu. Sikumwambia kitu. Mimi ni rafiki.

Akasema harusi ipo palepale. Padri atakuja kesho asubuhi.

Kisha pigo! Shahidi ni Stanislas. Kwa nini? Kwa sababu usiku ule wa moto aliingia ndani, akamtoa Mama Kapinga, mama yake Rigobert, akambeba mgongoni kutoka Katuba hadi huku. Mgongo! Hata mimi nina mgongo. Hakuna aliyeniita.

Halafu Rigobert akanivuta kando. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Antoine, miye siwezi kutoka. Bakiniona, njo mwisho. Weye uko Mubemba, habatakugusa. Uniletee ile robe ya Clotilde kwa Mama Chileshe. Alipoteza byote. Nataka akuwe na ile moya tu."

Nilikubali. Nilimshika bega kama ndugu. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niende zangu wazo liliponijia. Safi sana! Lilikuja lenyewe.

Nilimkuta Stanislas amepiga magoti, anafunga kidonda cha mtoto. Nilimwambia Clotilde ana ombi ambalo anaona haya kulisema. Anataka gauni lake liletwe na shahidi mwenyewe, asubuhi, kabla ya padri. Ni heshima kwake. Stanislas alikaza bendeji. Akauliza kama Clotilde anajua kuna nini barabarani. Nikasema anajua, na ndiyo maana hamwamini mwingine.

Alimaliza kufunga kidonda. "Haina mambo," akasema. "Nitatoka mapema."

Katuba si mbali. Atachelewa tu. Mimi sihitaji zaidi ya kuchelewa kwake.

Jumamosi, 9 Septemba. Kambini.

Stanislas aliondoka alfajiri. Rigobert aliniuliza habari za gauni. Nikajibu liko njiani. Si uongo.

Padri alikuja na askari wa kofia za bluu. Ana haraka. Kuna watoto wanaosubiri kuzikwa upande wa pili wa kambi, na alisema harusi ianze ili asije kwetu na huzuni ile. Clotilde alivaa kitenge cha kuazima, na juu ya kichwa chandarua cha mbu kutoka hema la wagonjwa. Kutoka mbali alionekana vizuri. Kutoka karibu kilikuwa chandarua.

Padri akaita shahidi wa bwana harusi.

Hakutokea mtu! Nilihesabu moyoni, nikapiga hatua mbele, mkono mfupi mfukoni.

Rigobert akasema tungoje.

Tukangoja. Jua likapanda. Padri akatazama saa yake, kisha upande wa makaburi. Rigobert alinitazama mimi, midomo ikafunguka, na nikavuta pumzi. Ndipo akamwita mama yake! Mama Kapinga, ambaye macho yake yamekwisha! Alisimamishwa akiwa ameuelekea mlingoti wa hema, ikabidi tumgeuze. Nikamwuliza padri kama sheria inaruhusu. Padri akafungua kitabu chake.

Basi wakaoana. Clotilde alilia, Rigobert alilia. Mimi nilishika mshumaa. Ulizimika.

Karamu ilikuwa uji wa mahindi na samaki mkavu. Nikapanda juu ya sanduku kutoa hotuba. Nilikuwa nimefika "par conséquent" ya kwanza gari la maji lilipoingia. Wageni wote wakakimbia. Bwana harusi akakimbia na beseni langu! Bibi harusi akakimbia, amekunja chandarua mpaka magotini. Nilimalizia hotuba mbele ya Mama Kapinga peke yake. Alipiga makofi. Alidhani mimi ndiye padri.

Jioni beseni linazunguka kambi nzima. Wanaogeshea watoto. Maua hayaonekani tena kwa uchafu.

Stanislas hajarudi. Rigobert anakwenda mpaka njiani, anatazama, anarudi. Nilimwambia labda Mama Chileshe amempikia. Hakucheka. Clotilde naye hali kitu. Watu hawa hawajui kufurahia siku yao.

Nilimwambia Rigobert ukweli mmoja: nilimwona Stanislas akitoka. Hakuuliza alikokwenda. Sikuendelea.

Jumapili, 10 Septemba. Kambini.

Amerudi.

Baada ya sala watu walianza kupiga kelele upande wa barabara, kisha wakafungua njia. Mama Chileshe na mumewe walikuwa wanasukuma baiskeli. Juu ya kiti cha nyuma, Stanislas. Amevaa gauni.

Nimeandika hivyo, nimesoma tena, ndivyo ilivyokuwa. Amevaa gauni la Clotilde.

Mama Chileshe ndiye aliyesimulia. Alimpa gauni jana asubuhi, limefungwa kwenye gazeti. Hakufika mwisho wa barabara. Wale vijana walimsimamisha, wakamwuliza jina, wakasikia ni jina la Kasai. Wakafungua gazeti. Wakamvisha. Wakamwamuru acheze, wakampigia makofi, akacheza barabara nzima mpaka kwenye kisima na kurudi. Walipochoka kucheka wakatoa minyororo ya baiskeli. Mama Chileshe aliona yote dirishani, mkono mdomoni. Walipoondoka, yeye na mumewe walimtoa mtaroni, wakamficha chini ya magunia ya unga.

Walishindwa kumvua. Kitambaa kimeshikana na mgongo.

Mgongo ule ule.

Daktari wa ONU alimtazama jicho la kushoto, akatikisa kichwa. Hilo limekwisha. Akasema nguo ilowanishwe kwanza. Wakaleta beseni. Clotilde alipiga magoti na mkasi, akaanza kulikata gauni lake, kipande kwa kipande, shanga zikaanguka majini. Ilisikika mkasi tu.

Halafu akamwuliza, polepole kama anavyoulizwa mtoto, kwa nini alitoka kambini.

Stanislas aligeuza uso upande wa jicho linaloona.

"Si weye njo ulinituma? Antoine alisema ni weye."

Mkasi ukasimama.

Wote wakanigeukia. Nilieleza. Nilieleza vizuri sana! Nilisema kambini kuna kelele, huenda nilisikia vibaya. Nilisema kwetu ni desturi shahidi kuleta gauni. Rigobert akasema, bila kupaza sauti, kwamba ombi lile alinipa mimi. Nikasema ndiyo, nililipitisha kwa mtu mwenye cheo kuliko mimi, kwa heshima.

Hapo Mama Chileshe akafungua kinywa. Wanawake hawa!

"Siku ya Ijumaa nilimupa yeye. Nilisema, tia mu beseni. Alikatala. Juu ya vumbi."

Nilikaza uso nikisubiri kofi. Halikuja. Rigobert aliingia kibandani, akatoka na mfuko wangu, akauweka mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Antoine, rudia kwako," alisema. "Weye uko na kwako."

Akarudi akakaa chini, akakiweka kichwa cha Stanislas mapajani. Clotilde akaendelea kukata. Nilisimama pale muda, labda angegeuka. Mama Kapinga aliuliza ni nani amesimama mbele yake anamzuilia jua. Nikasogea.

Nilitembea mpaka stesheni. Kweli hawakunigusa. Walinisimamisha mara moja, nikasema jina langu, wakaniuliza kama nina sigara. Mmoja wao alikuwa amevaa saa ya Stanislas. Naifahamu, tulikuwa tukigombania kuijaribu. Niliwapa sigara.

Jumanne, 12 Septemba. Jadotville.

Jana sikuandika. Treni ilijaa, nilisimama njia nzima kati ya godoro na mbuzi. Suti imechanika kwapani. Mgiriki aliniuliza harusi ilikuwaje. Nikasema ya kawaida.

Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho nasikia mkasi. Ni samaki yule mkavu, bila shaka.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Harusi iliharibiwa na mpango mbovu. Ukumbi hakuna, muziki hakuna, shahidi haonekani. Mimi nilijitolea kusaidia na nikakataliwa mbele ya umati. Lakini sina kinyongo. Rigobert amechoka. Atapoa. Urafiki wa surua haufi.

Na kuna jambo ambalo wengine hawakuliona. Jumamosi asubuhi, kabla padri hajafika, Clotilde alikwenda nyuma ya kibanda akatapika. Si samaki, alikuwa hajala. Mtoto! Na penye mtoto pana ubatizo, na penye ubatizo anahitajika baba wa ubatizo. Watamtaja Stanislas, nawajua. Kwa huruma tu.

Lakini baba wa ubatizo anambeba mtoto mikononi. Kanisani kuna ngazi, kuna maji, kuna mishumaa. Mtu wa jicho moja? Lazima padri aelezwe mapema, kwa upole, na mtu asiye na ubaya na yeyote.

Mimi, Mungu ashukuriwe, naona vizuri kabisa.