Mbio za Kukwepa Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi katangaza kwamba ameongeza cherehani mbili na anataka chumba cha kushonea. Kati yangu na binamu, mmoja atahamia stoo. Stoo! Haina dirisha, na tayari imejaa marobota ya vitambaa na baiskeli ya marehemu babu. Shangazi kasema hatuchagulii, tuamue wenyewe, ila Jumapili cherehani zinaingia.

Binamu kapendekeza tuamue kwa gemu la magari, Jumamosi, kila mtu na laptopu yake. Nimekubali kabla sijafikiri. Huyu tunamwita Mkurugenzi kwa jinsi anavyotembea, mikono nyuma. Hajawahi kushindwa, kwa sababu laptopu yangu huganda kwenye kona ya mwisho. Lakini stoo siendi. Siendi!

Jumanne, 4 Machi

Nimeonana na fundi kompyuta. Kasema RAM haitoshi, yaani kile kipande chembamba cha kumbukumbu kinachopachikwa chini ya laptopu. Nafasi ziko mbili na moja ni tupu. Ongeza kipande cha pili, kasema, itakimbia. Nikauliza kama mtu anaweza kujifanyia. Kasema anaweza, akiwa na bisibisi na utulivu. Bisibisi ninayo.

Njiani likanijia wazo, nikasimama katikati ya barabara mpaka nikapigiwa honi. Laptopu ya Mkurugenzi ni pacha wa yangu! Tulizinunua pamoja, nyeusi zote. Tofauti ni stika ya simba kwenye mfuniko wa yangu. Basi RAM yake itahamia kwangu. Yeye nitampachikia kijipande cha RAM ndogo ya laptopu yangu ya zamani, iliyokwisha kufa. Mimi nipae, yeye atambae. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila zangu zimesukwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Mkurugenzi kwamba kesho akiwa kazini nitamsafishia laptopu, imejaa vumbi. Kanitazama sana. Kauliza huruma nimeipata lini. Nikamwambia damu nzito kuliko maji. Kakubali!

Nilijisikia vibaya kidogo. Nikaenda kuichungulia stoo tena, nikapona.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imefanyika!

Nilizilaza zote mezani kifudifudi, yangu kulia, yake kushoto, nikafungua skrubu. Mara Shangazi kaingia na kitambaa, anaitaka meza sasa hivi akate gauni la mteja. Nikamwomba subira. Kasema subira nikaitafute stoo. Akazibeba mwenyewe mpaka kwenye kochi, skrubu zikamwagika zikaingia chini yake. Nikaingia nami. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Nilipotoka, zilikuwa zimelala kwenye kochi, moja kulia, moja kushoto, kifudifudi vilevile. Nizigeuze nimtafute simba? Ya nini? Skrubu nimezipata kwa shida, na mtu anakijua chake. Nikang'oa RAM ya kushoto, nikaipachika kulia. Kile kijipande kikaenda kushoto. Nikazifunga, nikazibeba kwa mkupuo mmoja: yenye simba chumbani kwangu, isiyo na simba chumbani kwake.

Sijaiwasha. Mkurugenzi karudi mapema, na silaha haijaribiwi mbele ya adui.

Ijumaa, 7 Machi

Sijaiwasha leo pia. Ipumzike. Mkurugenzi kasema yake imekuwa nyepesi ajabu. Anajipa moyo, maskini. Nimemshauri aanze kukunja nguo zake, hata nikamwonyesha ukuta wa stoo unaofaa kuegemeza godoro. Kashukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika. Shangazi alikuwa mwamuzi, tepu ya kupimia shingoni. Laptopu yangu ilichukua muda kuwaka hadi Mkurugenzi akaenda kuchemsha chai akarudi. Tukaanza. Kona ya kwanza, ikaganda. Siyo ya mwisho, ya kwanza! Shangazi kauliza kama ile ni picha. Gari la Mkurugenzi lilikuwa limekwisha kumaliza, linazunguka kwa raha zake tu. Machozi yalinilenga, sifichi.

Mkurugenzi kanishika bega, kasema asante kwa lile vumbi, ndugu yangu. Kisha kanibebea godoro mpaka stoo, akaliegemeza kwenye ukuta niliouchagua.

Jumapili, 9 Machi

Stoo. Swichi ya taa iko nje ya mlango, na kila anayepita anaizima.

Nimeifungua laptopu. Ndani mna kile kijipande cha laptopu marehemu, peke yake. RAM mbili nzima ziko kwa Mkurugenzi! Nimempa mwenyewe, kwa mkono wangu na bisibisi yangu. Kosa la nani? La Shangazi. Mtu hahamishi vitu vya watu kazi ikiendelea! Sasa cherehani zinanguruma chumbani kwangu, dirishani kwangu.

Nimeomba marudiano, Mkurugenzi kakubali. Nimejitolea kumfutia vumbi tena, kakubali haraka zaidi. Safari hii hakuna kuchanganya. Nimechukua plasta nyekundu, nimebandika alama kubwa ambayo hata kipofu ataiona. Iko juu kabisa ya mfuniko, palepale alipo simba.