Kuhusu Gauni Langu Kupita Katikati ya Nyonga Yangu

Ndugu Mkurugenzi wa Ofisi ya Filamu za Katuni,

Pokea salamu zangu. Kama una kikombe mkononi kiweke chini kwanza, maana nina malalamiko sita na sipendi kurudia maneno.

Mimi ni mshonaji wa nguo za wanawake. Nimekaa kwenye cherehani miaka thelathini na minne, na mlango wangu unatazamana na duka la simu. Binti yangu wa pekee na mumewe wanaishi kwangu, na huyo mumewe ni mfanyakazi wako. Sina ugomvi naye. Mkwe hagombezwi. Wewe hujaoa kwangu, kwa hiyo nakugombeza wewe.

1. Nililaghaiwa wakati wa posa. Mjomba wake alisimama mbele ya watu akasema kijana wao ni fundi wa vioo na vitambaa. Sikuuliza swali la pili. Nilikuwa na dirisha lililopasuka na rundo la sare za kushona, nikaona nimepata mkwe na msaidizi kwa mkupuo mmoja. Wiki moja baada ya harusi nilimpa sindano, akaishika kama mtu aliyeshika nge. Nikampeleka kwenye dirisha. Akalitazama nusu saa, akasema mpasuko ule unavunja mwanga vizuri sana, nisiuguse. Ndipo nikaambiwa kwamba vioo vyake na vitambaa vyake vyote vimo ndani ya kompyuta, na kwamba kazi yake ni kuifanya glasi ya katuni ifanane na glasi na pazia la katuni lifanane na pazia. Dirisha liko vilevile. Upepo nao unaingia vizuri sana.

2. Umenichafulia nyumba. Ulipomrudishia kazi ukimwambia glasi zake zinafanana na barafu na nguo zake zinafanana na bati, hukujua maneno hayo yatalala wapi. Yalilala kwangu. Akawa anakaa mezani, chakula kinapoa, yeye anaizungusha glasi ya maji mbele ya dirisha. Kisha akanikataza kuziosha. Alisema kioo kisafi kabisa macho hayakiamini; lazima kiwe na alama ya kidole, vumbi kidogo na mkwaruzo mmoja, ndipo mtu akubali kwamba kipo. Nimelea watoto wa ndugu zangu wanne kwa kauli kwamba uchafu ni aibu. Leo mkwe wangu, tena msomi, ananiambia uchafu ndio ukweli. Wenzangu wa kikundi cha washonaji walipokuja, walinyweshwa maji kwenye glasi zenye vidole vya watu watatu. Mweka hazina wetu aliinua yake, akaitazama, akasema hana kiu. Alikuwa ametembea kwa miguu saa nzima ya mchana.

3. Umenivunjia heshima. Mkwe wangu aliniomba nivae gauni langu la zambarau, lile pana kwa chini, nitembee kutoka jikoni hadi sebuleni, nigeuke, niketi, niinuke. Alikuwa ananirekodi kwa simu. Nilimuuliza anatazama nini. Akajibu kwa adabu, macho chini, "Sikutazami wewe, mama. Natazama mikunjo." Nikageuka mara kumi na nne. Mara ya tisa jirani yangu, muuguzi mstaafu, alichungulia dirishani, akamwona mama mkwe anazunguka kama pia mbele ya mume wa mwanawe. Kabla sijaketi, simu ililia. Ni dada yangu mkubwa, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, ananiuliza nimepatwa na nini.

4. Umeniharibia kazi. Mwezi uliofuata sehemu ya majaribio ya filamu yenu ikawekwa kwenye runinga kubwa ya duka la simu, mbele ya mlango wangu kabisa. Nikamwona bibi mmoja mshonaji, mwendo wangu, miwani yangu, gauni langu. Watu wakaanza kunipungia mkono. Kisha yule bibi akageuka, na gauni likaingia kwenye nyonga yake ya kulia, likapita ndani ya mwili, likatokea kiunoni kama mtu aliyepitia mlango wa nyuma. Bega la kushoto halikuwa na mshono. Sisemi mshono mbaya, nasema hakuna. Mkono ulikuwa umeota begani kama tawi.

Kesho yake mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. "Fundi," akaniambia, "lile lako linaingia mwilini. Langu nalo likiingia, nitalitoaje mbele ya wanafunzi?" Jumla waliochukua vitambaa vyao ni watatu. Wa nne alikiacha, lakini alinitaka niapishwe.

5. Mlinipokea vizuri. Nilikuja ofisini kwenu na futi kamba shingoni, nimejiandaa kwa shari. Mlinzi akanipa kiti. Dada mmoja mwenye sauti ndogo, yule anayefanya kazi meza moja na mkwe wangu, akanionyesha jinsi mnavyoshona. Kumbe kwenu kitambaa ni wavu wa nukta, na kila nukta inamvuta jirani yake, na jirani akivutwa naye anamvuta wa pili. Nikamwambia hiyo si nguo, huo ni ukoo. Akacheka hadi akafuta machozi. Akaandika tarakimu, gauni likaanguka kama ngozi mbichi. Akaandika nyingine, likapaa kama moshi.

Nikamuuliza mmekikata vipi. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amekikata! Mlikuwa mnavuta kitambaa sawa pande zote, kama unga uliokandwa. Nikavua kilemba changu, nikakivuta kwa urefu, kikagoma. Nikakivuta kwa mshazari, kikalegea na kuning'inia. Dada yule akakishika, akakivuta mwenyewe mara mbili, akarudi kwenye kompyuta. Baada ya saa moja yule bibi aligeuka, na gauni likamfuata nyuma kidogo, likachelewa, likamfikia, likatulia. Chumba kizima kilisimama na kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu lilianguka vizuri kuliko lile nililolishona mwenyewe. Katika umri wangu, kushindwa na gauni langu lisilovalika!

6. Lalamiko hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ileile mkwe wangu alikuwa anamtengenezea yule bibi miwani upya. Alikuwa ameipima yangu kwa rula, unene wa kioo na mduara wake, ili macho ya bibi yaonekane makubwa nyuma ya lenzi kama yangu. Jicho la kulia lilifanana. La kushoto likakataa. Akarudia siku tatu, akidhani kosa ni la kioo. Siku ya nne aliweka picha yangu kando ya picha ya bibi, akaona kwamba kwangu mwanga unapita kwenye kioo vizuri, unafika kwenye jicho, unakwama kwenye weupe kama wa maji ya mchele.

Alirudi nyumbani mapema, akasimama mlangoni pa chumba cha cherehani. "Mama," akasema, "hilo jicho la kushoto unaona nalo?"

Nilimjibu kwamba mkwe hachunguzi macho ya mama mkwe. Hakuondoka. Kwa kuwa nakuandikia wewe nisiyekujua sana, nitasema ukweli: nilikuwa natunga uzi kwa kupapasa mwaka wa pili sasa. Sikumwambia mtu. Nani atampelekea kitambaa fundi asiyeona? Binti yangu aliposikia alikaa chini kwenye vipande vya nguo akalia, akisema anakula nami meza moja kila siku na hakuona kitu.

Hospitalini wakasema ni mtoto wa jicho. Wakalifanyia upasuaji, na bandeji ikatolewa baada ya muda mfupi. Sasa naona, na hapo ndipo penye madhara. Gauni la mfano lililoning'inia mlangoni kwangu miaka mitatu lina mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa upana wa kidole, na hakuna mteja hata mmoja aliyeniambia. Ukuta niliodhani ni wa rangi ya maziwa ni wa njano. Dada yangu mkubwa, aliyekuja kunipa pole, amezeeka. Nilikuwa fundi hodari, Ndugu Mkurugenzi, na ninyi mmenipokonya hilo kwa kunipa jicho.

Kwa hiyo nadai, kwa heshima zote: kwanza, yule bibi aondolewe kwenye filamu, na mwendo wangu nirudishiwe. Pili, mkwe wangu apewe kazi ya kuchora mawe, kitu ambacho hakikunjiki wala hakipitishi mwanga, ili familia ile chakula kikiwa cha moto. Tatu, ofisi yako iwaandikie wateja wangu watatu kwamba nguo zangu hazijawahi kuingia mwilini mwa mtu.

Nisalimie mlinzi, na umwambie kiti chake kinayumba mguu wa nyuma. Msalimie yule dada wa nukta, na wote waliosimama siku ile. Hata ile mashine yenu kubwa ya kuchora picha, inayohema kwenye chumba cha baridi, ipe pole.

Ni mimi, bado mwenye hasira,
Mshonaji, mama mkwe wa mfanyakazi wako

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha mkwe wangu aliponiambia kwamba mnataka kweli kumtoa yule bibi, eti kwa sababu kila sekunde ya gauni lake inaichukulia mashine hiyo muda wa saa kumi na moja kuichora. Nimeifungua bahasha ili niseme hivi: thubutuni! Jumatatu nakuja na vitambaa vya aina tisa na nitakaa mpaka mmalize. Saa kumi na moja ni kitu gani? Gauni la harusi nalishona siku nne, na hakuna mtu aliyewahi kunishauri nimtoe bibi harusi.