Hajarudi Mpaka Ofisi Iseme Amerudi

INATANGAZWA kwa wakazi wote wa Kariakoo, Gerezani na mitaa inayopakana nayo kwamba, kuanzia tarehe mosi mwezi huu, hakuna mtu aliyekaa nchi za nje atakayehesabiwa kuwa amerudi kwa sababu tu ya kuonekana.

Tangazo hilo niliandika mimi, Ignasi, Karani wa Marejeo Daraja la Pili, nikalibandika kwenye lango la soko mwaka 1953. Lilipokewa kwa heshima kubwa. Mchuuzi mmoja wa dagaa alilisoma mara mbili, akalibandua taratibu lisichanike, akamfungia mteja dagaa. Nikaandika jingine.

Ofisi yetu ya Marejeo ilikuwa na vyumba viwili Mtaa wa Mchikichi, nyuma ya fundi cherehani. Wakubwa waliianzisha walipogundua jambo la hatari. Vijana waliokwenda vita vya Bama kule Asia na keya, jeshi la Waingereza, na wengine waliodandia meli wakapotelea huko, walikuwa wanarudi kiholela. Mtu anashuka bandarini asubuhi, mchana yuko kwao anamega ugali, na hakuna faili hata moja lililofunguliwa! Je, kilichorudi ni yeye, au ni mwili tu na sanduku? Nani kampima?

Swali hilo la kitaalamu aliliibua Mwenyekiti wetu, Bwana Wilbert. Yeye mwenyewe alikwenda Uingereza mwaka 1950 kwa kozi ya wiki kumi na moja, na tangu hapo hajawahi kumaliza chai bila kuitaja. "Nilipokuwa Ulaya," husema, hata ukimwambia tu kwamba mvua inanyesha.

Sasa nieleze shauri la Uwesu, maana mtaani limesimuliwa kwa chumvi nyingi na mimi ndiye mwenye faili.

Uwesu aliondoka 1942. Alipigana Bama, vita vikaisha, akapanda meli kama mpishi, akaishia mji mmoja wa bandari huko Uingereza. Huku nyuma mama yake alifariki, akamwachia nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu. Nyumba ikatunzwa na dada yake, Mboni, ambaye huuza vitumbua mlangoni na hajawahi kutunza siri. Miaka kumi na moja tangu aondoke, Uwesu akashuka gatini na mwavuli mkononi.

Kanuni zetu ni wazi. Nyumba ya mtu asiyekuwepo nchini hukabidhiwa Mwenyekiti kwa uangalizi. Uwesu alipewa mpaka Ijumaa adhuhuri kuthibitisha kwamba amerudi, la sivyo Mboni angefunga vyombo vyake na kutoka. Bwana Wilbert alikuwa ameshakipima chumba cha mbele kwa futi ya fundi, kuona kama kitanda chake kitaingia. Huwezi kuangalia nyumba vizuri ukiwa umelala kwingine.

Jumatatu Uwesu aliitwa kwenye usaili. Alifika saa mbili kamili.

"Nani kakwambia uje saa mbili?" Bwana Wilbert alimuuliza.

"Barua yenu, bwana. Imeandikwa saa mbili."

"Na wewe ukaja saa mbili."

"Ndiyo, bwana. Samahani."

Bwana Wilbert akanitazama. Niliandika: *Dalili ya kwanza ya kutorudi.*

Dalili ya pili ilikuwa imeshafika ofisini kwa njia ya umbea, ambayo ndiyo njia yetu rasmi ya kukusanya taarifa. Ijumaa iliyopita Uwesu alionekana sokoni amesimama kimya nyuma ya mama mmoja, akidhani ni foleni ya mapapai. Alisimama saa nzima. Ikaja kujulikana yule mama alikuwa anamsubiri mumewe.

"Ni kweli?" nilimuuliza.

"Ni kweli. Hata mumewe alipofika, nilimpisha."

Kisha Bwana Wilbert akaegemea kiti, akamtega kwa sauti ya upole. "Habari za nyumbani, Bwana Uwesu?"

"Si nzuri sana, bwana. Dada ana kikohozi, bati la uani linavuja, na jana panya amekula soksi zangu."

Nilishtuka, peni ikanidondoka. Mtu aliyerudi akiulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri". Nyumba iwe inaungua, moshi unaonekana, ndoo zinapita, jibu ni "nzuri", halafu ndipo anaomba ndoo. Huyu aliulizwa akajibu alichoulizwa.

Mboni, aliyekuwa mlangoni na sinia la vitumbua kichwani, hakuvumilia. "Karani mdogo wangu, hebu acheni mchezo! Huyu tumelala naye mkeka mmoja. Kovu hilo la gotini nilimtia mimi kwa mwiko wa moto. Uwesu, wakunjulie suruali!"

Uwesu akakunja. Kovu likaonekana.

"Kovu limerudi," alisema Bwana Wilbert. "Ofisi haina ubishi na kovu."

Iliyobaki ilikuwa Kanuni ya Saba, Ushahidi wa Mtaa, ambayo niliitunga mimi baada ya utafiti wa jioni tatu barazani, na Bwana Wilbert akaisaini bila kuisoma kwa jinsi anavyoniamini. Inasema kwamba mkazi yeyote aliyewahi kutoka nje ya nchi atahesabiwa amerudi iwapo, ndani ya miezi kumi na miwili, ameonekana msibani, ameonekana akinywa kahawa na majirani, na ametukanwa na mtani wake mbele za watu akacheka.

"Umeshazika nani tangu uje?" nilimuuliza Uwesu.

"Sijazika mtu. Nina wiki tatu tu, na hakuna aliyefariki."

Ilikuwa bahati mbaya kwake. Mtaa ulikuwa na afya njema kupita kiasi. Nikaandika: *Hajahudhuria msiba*. Bwana Wilbert akafunga faili na kutoa futi mfukoni, akaanza kumuuliza Mboni upana wa mlango.

Habari hizo zilifika Mtaa wa Sikukuu kabla Mboni hajafika. Aliyezipokea ni Klara, Mngoni mchoma mihogo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Watu wa kwao na watu wa kina Uwesu ni watani tangu mababu walipopigana huko kusini, na Klara huuchukulia utani kama kazi ya kuajiriwa.

"Ofisi inasema hajarudi?" aliuliza.

"Inasema aliyerudi ni kovu," alijibu Mboni, machozi yanamlengalenga. "Ijumaa natoka, Klara. Nyumba ya mama hiyo!"

"Usilie bure, shoga, yaweke machozi ya Alhamisi. Ikiwa huyu hapa hajarudi, basi yuko mwingine aliyebaki huko. Si ndiyo? Na huyo wa huko, mimi nina habari kwamba amekufa. Tunaweka msiba."

"Toba! Utasomaje hitima ya mtu aliye hai?"

"Nani kasema hitima? Mungu tusimwingize kwenye mambo ya ofisi. Huu msiba wa makaratasi."

Hivyo Alhamisi alasiri nilitoka nje ya ofisi nikakuta Mtaa wa Mchikichi umetandikwa mikeka mpaka kwenye kona. Wanawake wamekaa na khanga vichwani. Sufuria tatu za pilau zilikuwa motoni, na pilau haijawahi kuhitaji tangazo: wachukuzi walitelekeza mikokoteni, fundi alisimamisha cherehani, hata yule mchuuzi wa dagaa alikuja na kigoda chake. Shaibu muuza kahawa alikuwa anagongesha vikombe huku na huku. Na katikati ya wafiwa, kwenye mkeka wa mbele, alikaa Uwesu mwenyewe, anapokea pole.

"Pole sana kwa msiba," walimwambia.

"Tumeshapoa. Samahani kwa usumbufu."

Klara akasimama, ameshika mwavuli wa Uwesu. Akaufungua juani, akatembea kwa hatua za kipimo kama anakagua gwaride.

"Ewe marehemu!" alilia. "Tulikutuma Bama ukaue, ukajifunza kuomba samahani! Samahani mlango, samahani mbuzi, samahani nzi, naomba nikupishe kwenye pilau yangu! Kwenye foleni ya mapapai umesimama, kwenye foleni ya kuoa hukusimama! Umri huu unalala na soksi, nazo panya kakunyang'anya!"

Mtaa uliangua kicheko. Uwesu alicheka mpaka akakohoa, akashika kikombe cha Shaibu, akanywa, akajibu:

"Nyamaza wewe! Wazee wenu walitembea miezi mingapi kuja kutuvamia? Na mwisho wake ni nini? Wewe hapa, unatuchomea mihogo!"

"Kumbe amerudi!" alipiga kelele Shaibu. "Huyo ndiye Uwesu ninayemjua mimi!"

Niliandika mfululizo. *Msibani, yupo. Kahawa, amekunywa. Ametukanwa, amecheka.* Sijawahi kuona kanuni yangu ikitiiwa namna ile.

Hapo ndipo Bwana Wilbert alipotoka, kofia yake ya pama kichwani.

"Nini hii? Mtu hawezi kuhudhuria msiba wake mwenyewe!"

"Kanuni inasema 'ameonekana msibani', bwana," nilimweleza. "Haisemi wa nani."

"Nilipokuwa Ulaya..."

Hakumaliza. Klara alikuwa ameshamvua kofia na kuivaa yeye. Kila mtu anajua kinachofuata: mtani akikuchukulia kitu msibani, unacheka, unamrudishia tusi, unakikomboa kwa chochote, hata kipande cha muhogo. Bwana Wilbert hakujua. Alifura.

"Mwanamke, nitakuitia polisi!"

Vijiko vilisimama.

"Kakasirika," alisema Klara taratibu, kama muuguzi anayesoma kipimo. "Karani, umeona?"

"Huyu si mtani wako," nilijaribu kumtetea.

"Ni mtani. Babu zetu walivamia kila mtu, hawakubagua. Hebu nisomee tena, ile kanuni ni ya nani?"

"Ni ya mkazi yeyote aliyewahi kutoka nje ya nchi."

"Na yeye alitoka?"

Kwa hilo ushahidi ulikuwa mwingi. Mtaa mzima uliitika kwa pamoja, kwa sauti ya Bwana Wilbert: "Nilipokuwa Ulaya!"

"Haya. Nani amewahi kumwona bwana huyu msibani?"

Fundi cherehani alisimama. "Mama mkwe wangu alipofariki, alituletea barua. Aliomba kilio kisubiri mpaka baada ya saa za kazi."

"Kahawani je?"

"Mimi nazunguka mitaa hii miaka tisa," alisema Shaibu. "Leo ndiyo kwanza namwona. Nilidhani ni mgeni, nikawa najiuliza amefikia kwa nani."

Bwana Wilbert akanigeukia. "Ignasi! Waambie mimi nilirudi lini!"

Nililifungua daftari la marejeo. Mimi ni mtu wa taratibu. Kwenye safu ya walioondoka niliona: *Wilbert, Machi 1950*. Kwenye safu ya waliorudi palikuwa peupe. Nikalielekeza kwenye mwanga, nikaligeuza upande wa pili. Peupe vilevile.

"Bwana," nilimwambia kwa majonzi, "ofisi haina taarifa hiyo."

Nikagonga mihuri miwili palepale mkekani. Wa Uwesu ulisema AMEREJEA. Mboni aliubusu, wino ukamkaa mdomoni, akazunguka na mdomo wa zambarau jioni nzima akigawa vitumbua bure, huku anaahidi kwamba huyu kaka yake atamnyoosha mwenyewe, kuanzia na habari za kufika mahali kwa wakati. Muhuri wa pili, wa Bwana Wilbert, uliosema HAJAREJEA, sikufurahia kuugonga, ila niliugonga kwa nguvu ili usomeke.

Mambo mengine yalijiendea kwa mujibu wa kanuni. Mwenyekiti akiwa nje ya nchi, karani hukaimu. Nyumba ya mtu asiyekuwepo hukabidhiwa Mwenyekiti, na anayekaimu ni mwenyekiti. Nyumba ya Bwana Wilbert iko karibu na Posta na ina veranda. Nimeipima kwa futi ileile, kwa ajili ya uangalizi tu. Siku hizi kila jioni nakunywa kahawa barazani mbele ya watu wasiopungua sita, na Klara amekubali kunitukana kila Jumamosi, mapema, kabla hajachoka.

Bwana Wilbert naye nilimwandikia barua aje kwenye usaili Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nilimwombea kwa dhati. Nilitamani afike saa nne, ametoka jasho, na kisa kirefu cha baiskeli iliyopata pancha.

Mlango uligongwa saa mbili kamili.

Nilimkaribisha kiti, nikaamua kumsaidia kwa swali jepesi kuliko yote niliyonayo.

"Habari za nyumbani, bwana?"

"Mbaya, Ignasi!" alilia. "Mbaya sana! Wanataka kunitoa nyumbani kwangu!"

Nikachovya peni.