Watu Wazima Tuheshimiwe!

Jumatatu, 3 Machi

Nimefura kwa hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Miaka ishirini na saba nimeishika mashine kubwa ya kupiga chapa. Naijua kuliko ninavyomjua mke wangu. (Yeye anasema tatizo lilianzia hapo.) Msimamizi wetu kastaafu, kila mtu akajua sasa ni zamu yangu. Shati jipya nilishanunua. Leo asubuhi Mama Mkurugenzi, mwenye kiwanda, katukusanya katikati ya marobota ya karatasi, akamtangaza msimamizi mpya. Binti wa miaka ishirini na saba! Mwaka niliovaa ovaroli yangu ya kwanza, yeye alikuwa anavalishwa nepi!

Eti kiwanda kinahitaji damu changa. Damu! Kwani hapa ni hospitali?

Binti akaja kunisalimia. Shikamoo, baba. Mbele ya watu wote! Baba! Nina hamsini na nne tu. Nikaitikia marahaba huku nimeuma meno. Asingeniamkia pia ningekasirika, lakini hilo ni jambo jingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimeugua mgongo. Yaani nimetuma ujumbe kwamba nimeugua. Rola ya tatu ya ile mashine ina kichaa chake, na dawa yake naijua mimi peke yangu. Nilikadiria ikifika saa nne wataanza kunililia.

Nikakaa karibu na simu. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Mke wangu akasema maadamu nimekaa bure nimsogezee kabati. Nikamkumbusha mgongo. Akauliza mgongo upi, si ule wa uongo? Nikasogeza kabati.

Saa sita simu ikalia. Nikaiacha ilie kwanza, mtu mzima hapapatikii simu. Alikuwa binti. Akanipa pole ya mgongo, kisha akaniuliza ufunguo wa kabati la vikombe nimeuweka wapi.

Vikombe!

Nikauliza, kwa sauti ya mgonjwa, mashine je? Akajibu inakwenda vizuri. Asubuhi na mapema alimpigia msimamizi mstaafu akamwuliza habari za rola ya tatu. Amemwuliza! Bila haya! Mimi katika umri wake sikuwa namwuliza mtu kitu. Niliunguza mota mbili, lakini sikuuliza.

Sasa mgongo unauma kweli. Ni lile kabati.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kazini nimepinda kama herufi C. Nikakuta binti kaniwekea kiti kando ya mashine. Kiti! Ananitangaza kikongwe! Nimesimama kutwa nzima kwa makusudi. Machozi yalinitoka mara mbili.

Basi! Nitaandika waraka. Nimeuandika jioni nzima, na naapa ni maneno ya kweli. Kwamba jamii imepotoka, inatukuza ngozi laini na kudharau kichwa kilichoona mambo. Kila ukuta una tangazo la mafuta ya kufuta mikunjo, hakuna hata moja la mafuta ya kuongeza akili. Kijana anapewa usukani kwa kuwa ana mbio, wala haulizwi anaelekea wapi. Aliyezika wazazi, akalea watoto, akakosea na akaomba msamaha, huyo ndiye wa kuongoza.

Nilimsomea mke wangu. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza hapo pa kuomba msamaha nimepatoa kwa nani. Akashauri binti yetu, ambaye ni mwalimu, aupitie kabla haujachapwa. Mtoto wangu anisahihishe mimi? Ndiyo ugonjwa wenyewe huo ninaoupigia kelele!

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Wenzangu walipokwenda kula nimechapa nakala mia tatu. Miwani sikuvaa, miwani humwongezea mtu miaka kumi. Jina sikuweka. Chini niliandika tu: Mmoja Wao. Nyingine nikabandika ukutani, nyingine mlangoni. Zilizobaki nikazichomeka ndani ya bahasha za vyeti vya ile shule kubwa, mteja wetu mkubwa kuliko wote, ili wazazi nao wazinduke. Gari likaondoka nazo saa nane.

Mchana wote watu walikuwa wanausoma waraka na kushikana mabega. Mzee Gundi, mfunga vitabu wetu mwenye miaka sitini na tatu, alinishika mkono kwa upole akaniuliza hali hii imenianza lini. Nikamwambia zamani sana. Mteja mmoja aliuliza kama tunaandikisha majina, ana shemeji yake nyumbani. Nikamwambia amlete. Nilijua tu umma uko upande wangu!

Baadaye. Mke wangu kauona waraka mezani. Kakaa chini. Kakisoma kichwa cha waraka kwa sauti, taratibu:

JAMII IWATHAMINI WATU WAZIMU.

Wazima! Niliandika WAZIMA! Herufi moja! Na chini yake, Mmoja Wao.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu mkuu kapiga simu kabla hatujavaa ovaroli. Mzazi mmoja kauliza kama cheti cha mwanawe ni cha shule au cha hospitali ya vichaa. Shule inataka kuondoa kazi zake zote. Kazi zile zikiondoka, nusu yetu tunarudi nyumbani.

Mama Mkurugenzi kaja na waraka mkononi, kauliza nani kauruhusu utoke. Wote waliangalia sakafu. Nilifungua kinywa. Nilikusudia kusema, kweli kabisa. Nikainama kufunga kamba za kiatu.

Binti akasema, “Kila karatasi inayotoka hapa ni yangu, Mama. Mimi ndiye msimamizi. Nilipaswa kuikagua.”

Akatukanwa pale pale, mbele yetu, na mate yakaruka. Hakunitazama hata mara moja. Kisha akaenda shuleni peke yake, akaomba radhi, akakaa na walimu kufungua bahasha moja moja na kuzitoa zile karatasi. Karudi alasiri, viatu vimejaa vumbi. Kazi haijaondoka.

Akaja moja kwa moja kwenye mashine yangu.

“Baba, sijaja kukunyang’anya kitu. Nataka unifundishe kuisikiliza hii mashine. Mimi nasikia kelele tu. Wewe unasikia wapi panauma.”

Nikafuta rola iliyokuwa tayari safi. Vumbi la karatasi, bila shaka. Nikasema nitaangalia nafasi.

Mzee Gundi alinisubiri getini. Akasema kama nimebakiwa na chembe ya haya, niende kwa Mama nikaseme ukweli. Mzee yule ana maneno makali. Umri unamharibu.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda kwa Mama. Mama ndiye kaja kwetu. Kaitisha kikao, kampa binti mkono, kasema Ijumaa alikasirika kupita kiasi, lakini alichokiona siku ile kina jina: ukomavu.

UKOMAVU! Neno langu! Nililolipigania wiki nzima! Kampa yeye! Watu wakapiga makofi. Mimi pia, makofi mawili.

Nikakaa kwenye kile kiti, nikafikiri. Mtu anauliza asichokijua. Anatukanwa bila kujibu. Anabeba kosa la mwenzake, na jina la mwenzake halitaji. Anaomba radhi huku hana hatia. Ni nani mwenye miaka ishirini na saba anayeweza hayo? Mimi nina hamsini na nne na sijaliweza hata moja!

Jibu ni moja tu. Yule mwanamke amepunguza umri!

Namwandikia Mama Mkurugenzi barua sasa hivi. Cheti cha kuzaliwa kikaguliwe. Kwa hesabu zangu ana sitini na ushei. Na mtu wa umri huo, kwa nini bado anang’ang’ania kazi? Astaafu, atupishe sisi vijana!